WANGA NA NDUGU ZAKE: SUKARI ILIYOFUNGWA PAMOJA

Fundisho kwa akina baba na akina mama, na kwa wote wanaofundisha afya vijijini

Ndugu msomaji, jambo hili linaonekana mara nyingi katika hospitali. Mama analeta mtoto wake wa miaka 2 au 3. Miguu imevimba, uso umevimba, nywele zimekuwa nyekundu na dhaifu, ngozi inabanduka, na mtoto hataki kucheza wala kucheka. Anaulizwa, «Mama, mtoto anakula nini?» Anajibu, «Anakula bugali kila siku, na anashiba.» Mama huyu hasemi uongo. Mtoto alikula, na alishiba kweli. Lakini kushiba ni jambo moja, na kujengwa mwili ni jambo lingine. Ili tufahamu tofauti hiyo, sharti tujue bugali ni kitu gani. Soma pole pole, na ukimaliza mfundishe jirani yako.

I. USHANGA MMOJA, MINYORORO MINGI

Majani ya mmea huchukua maji kutoka udongoni na hewa ile tunayoitoa tunapopumua. Kwa nguvu ya jua huvigeuza kuwa sukari ndogo inayoitwa glukosi. Sukari hii huyeyuka katika maji upesi. Lakini kitu kinachoyeyuka hakifai kuwekwa ghalani, wala hakifai kujenga ukuta. Basi mmea hufanya nini? Hufunga glukosi moja na nyingine, mamia na maelfu, kama mtu anayetunga ushanga katika uzi. Mnyororo huo mrefu hauna utamu tena, wala hauyeyuki katika maji baridi.

Sasa angalia vizuri. Ushanga ni ule ule wa glukosi, lakini kuna namna mbili za kuufunga.

(a) Kama shanga zote zimeelekea upande mmoja, mnyororo unajikunja kama waya uliozungushwa kijitini. Huo ni wanga, ule unga mweupe unaotulia chini ya maji ya muhogo, na ambao wanawake wanautumia kukaza nguo kabla ya kupiga pasi.

(b) Kama ushanga mmoja umeelekea juu na wa pili umegeuzwa chini, mnyororo unanyooka. Minyororo mingi iliyonyooka hulala bega kwa bega na kushikana kama nyuzi za kamba. Hiyo ni selulosi, yaani nguvu ya mti, ya majani na ya pamba.

Sukari ni moja. Kifungo ni tofauti. Na kwa sababu ya kifungo tu, kimoja ni chakula chako na kingine ni kiti unachokalia.

II. MAJARIBIO MAWILI

Jaribio la kwanza. Chukua kipande cha mkate au cha kiazi. Tia juu yake tone 1 la yodi, dawa ya kahawia inayopakwa vidondani. Kipande kitageuka rangi ya samawi iliyo karibu na nyeusi. Maana yodi imeingia ndani ya mikunjo ya wanga. Tia tone jingine juu ya chumvi au nyama: rangi hii haionekani. Kipande chenye dawa ukitupe, usikile.

Jaribio la pili. Tafuna bugali kidogo au mkate kwa dakika 2 au 3 bila kumeza. Utaonja utamu ambao haukuwapo mwanzoni. Utamu umetoka wapi? Katika mate mna enzimu, ambayo kazi yake ni kama ya mkasi: inakata mnyororo wa wanga vipande vipande. Baadaye, tumboni, enzimu nyingine humaliza kazi, na glukosi huingia katika damu.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari asijidanganye akisema, «Nimeacha sukari katika chai, sasa ninaweza kula bugali bila kipimo.» Bugali pia ni sukari, ila imefungwa. Na afuate kipimo alichopewa na muganga.

III. WANGA: GHALA YA MMEA

Muhogo hauweki wanga kwa ajili ya sahani yetu. Unajiwekea akiba, ili upate nguvu ya kuchipuka tena wakati wa ukame. Viazi hufanya hivyo, na mbegu za mahindi na mpunga pia. Wanga umekaa ndani yao kama punje ndogo sana zilizobanwa. Punje hizo zikiwa mbichi, enzimu zetu huziingia kwa shida. Ndiyo sababu tunapika. Maji ya moto huzivimbisha mpaka zinapasuka, na unga uliokuwa mwepesi sufuriani unakuwa mzito mara moja. Kila mama amekwisha kuona jambo hili kwa macho yake akisonga bugali.

Katika gramu 100 za muhogo mbichi mna wanga na sukari karibu gramu 38. Gramu 1 ya wanga inampa mtu kalori 4 za nguvu. Ni chakula kizuri cha nguvu, na hakuna mtu wa kukidharau. Wareno waliuleta muhogo Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, na tangu hapo umeokoa vijiji vingi katika njaa. Lakini katika gramu hizo 100, proteini, yaani chakula cha kujenga mwili, ni gramu 1 tu na kidogo. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

IV. SELULOSI: UKUTA WA MMEA

Chukua pamba ya kufungia vidonda. Karibu yote ni selulosi, maana yake ni glukosi tupu. Hata hivyo mtu akila pamba hapati nguvu yo yote, kwa kuwa mkasi wetu hauwezi kukata kifungo kile. Mtu anaweza kufa na njaa katikati ya majani yenye sukari tele.

Mbuzi na ng'ombe wao hula majani na kunenepa. Si kwamba wao wenyewe wana mkasi huo. Tumboni mwao wanakaa viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukata selulosi kwa ajili yao. Mchwa wengi nao hubeba wasaidizi wa namna hii matumboni, ndiyo maana wanaweza kula nguzo ya nyumba yako.

Je, selulosi haitufai sisi? Inatufaa. Inapita matumboni bila kukatwa, inashika maji, na inafanya choo kiwe laini. Mtu anayesumbuliwa na choo kigumu na ale lenga-lenga, maharagi na matunda, na anywe maji mengi.

V. GLIKOJENI: GHALA NDANI YA MAINI

Mwili wa mtu nao una ghala. Mwaka 1857 mganga Mfaransa Claude Bernard alitoa katika maini kitu kinachofanana na wanga. Kinaitwa glikojeni. Ni mnyororo wa glukosi wenye matawi mengi sana. Kwa nini matawi? Kwa sababu enzimu huanza kukata kwenye ncha. Matawi mengi ni ncha nyingi, na ncha nyingi ni sukari ya upesi, wakati unapokimbia au unapolala bila chakula.

Maini ya mtu mzima yanaweka karibu gramu 100 za glikojeni. Hiyo ndiyo inayolisha damu usiku, maana ubongo wa mtu mzima unatumia karibu gramu 120 za glukosi kila siku. Lakini mtoto mdogo ana maini madogo na ubongo mkubwa. Ghala yake inakwisha upesi. Akipatwa na malaria kali, akikataa chakula usiku kucha na mchana wote, sukari ya damu inaweza kushuka sana. Mtoto analegea, haamki, au anatetemeka mwili wote kwa degedege. Wengine husema, «Amerogwa,» na kupoteza saa za uhai wake wakitafuta mchawi. Kumbe pengine ghala ni tupu.

Basi ufanye hivi:

1. Mtoto mgonjwa anayeweza kumeza, usimwache bila chakula. Mnyonyeshe, mpe uji kidogo kidogo.

2. Mtoto asiyeamka, usimmiminie uji wala maji kinywani, maana vitaingia katika mapafu. Mlaze ubavu.

3. Chukua kijiko kidogo 1 cha sukari, kiloweshe kwa tone 1 au 2 za maji, uiweke chini ya ulimi wake. Rudia baada ya dakika 20.

4. Usingoje. Mpeleke hospitali mara moja. Sukari inampa nafasi ya kufika, haiponyi malaria.

VI. MINYORORO MINGINE: GAMBA LA MDUDU NA ALAMA YA DAMU

Gamba la kaa, ngozi ngumu ya kumbikumbi na ya viwavi, hata kuta za uyoga, zina mnyororo unaoitwa kitini. Unafungwa kama selulosi, lakini kila ushanga wake umeongezwa sehemu yenye azoti. Kwa hiyo ni silaha nyepesi na imara.

Tena kuna minyororo mifupi ya sukari juu ya chembe nyekundu za damu yetu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, katika mji wa Vienna, alionyesha kwamba damu za watu si namna moja. Baadaye ilijulikana kwamba tofauti iko katika ushanga wa mwisho wa mnyororo huo. Mtu wa kundi A ana sukari moja mwishoni, mtu wa B ana nyingine, wa AB anazo zote mbili, wa O hana hata moja ya hizo. Ukitia damu ya A katika mishipa ya mtu wa O, mwili wake utaipiga vita, na anaweza kufa. Kwa ushanga mmoja tu! Kwa hiyo, baba, mtoto wako akihitaji damu, na wauguzi wakisema, «Tuipime kwanza,» usikasirike ukisema, «Mimi ni baba yake, toeni yangu.» Baba na mtoto wanaweza kuwa na damu zisizopatana. Kupima ni kumlinda mtoto.

VII. KAZI AMBAYO WANGA HAUWEZI

Sasa turudi kwa mtoto anayevimba. Wanga ni kama kuni: unawaka ndani ya mwili, unatoa joto na nguvu ya kazi. Lakini nani anajenga nyumba kwa moto? Nyama ya mwili, damu, ngozi na nywele hujengwa kwa proteini, na proteini ina azoti. Wanga hauna azoti hata kidogo. Ukimpa mtoto milima ya bugali, hutapata ndani yake tofali moja zaidi ya zile chache zilizomo.

Ugonjwa huu unaitwa kwashiorkor. Neno hilo ni la Waga wa Ghana, nchi iliyoitwa zamani Gold Coast. Mganga Cicely Williams aliandika habari zake huko mwaka 1933, na mwaka 1935 alilitumia jina hilo. Wenyeji walilitaja kwa ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Sisi pia tunajua jambo hilo: mtoto anaachishwa ziwa ghafula, na mahali pa maziwa anapewa bugali wa muhogo na mchuzi wa maji. Hukosa proteini, na pamoja nayo vitu vingine vingi ambavyo mwili unavihitaji.

Dawa ya kuzuia imo katika shamba na soko lenu. Gramu 100 za maharagi makavu zina proteini karibu gramu 22. Ziko pia ndagala, karanga, mayai, viwavi, kumbikumbi, na sombe iliyotwangwa na kupikwa sana. Mafuta ya mawese nayo yanaongeza nguvu. Usimwekee mtoto mchuzi tu, ukiwaachia wakubwa samaki. Mtoto ndiye anayejengwa. Baba amekwisha kujengwa.

Lakini sikiliza neno hili. Mtoto aliyekwisha kuvimba, usimlishe kwa nguvu nyumbani. Mwili wake umedhoofika, na chakula kingi cha ghafula kinaweza kumwua. Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Ukiona shimo linabaki, mpeleke hospitali. Huko ataanzishwa maziwa ya dawa kwa kipimo kidogo, usiku na mchana.

VIII. TUMBO DOGO NA UJI MZITO

Mtoto mchanga bado ana enzimu chache za kukata wanga. Kwa hiyo mpaka miezi 6 mpe ziwa tu, bila uji na bila maji. Maziwa ya mama yana pia minyororo mifupi ya sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi. Je, ni bure? Hapana. Inalisha viumbe vyema vya tumboni, na inazuia vijidudu vibaya visishike ukuta wa matumbo.

Baada ya miezi 6 mpe uji pamoja na ziwa, na uendelee kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Hapa kuna taabu. Punje za wanga zinavimba kwa maji, na uji unakuwa mzito. Mama akiuongeza maji, tumbo la mtoto linajaa maji. Akiuacha mzito, mtoto hawezi kuumeza. Njia ya kutoka ni mbegu inayochipuka. Mbegu ikianza kuota inatengeneza mkasi wake yenyewe, ili ikate akiba yake. Sisi tunaweza kuuazima mkasi huo:

1. Loweka mahindi au ulezi usiku mmoja. Mwaga maji, funika mbegu kwa kitambaa safi kibichi siku 2 au 3, mpaka zichipuke. Zenye ukungu zitupe.

2. Anika juani, toa vijizizi, saga.

3. Pika uji mzito wa unga wako wa kila siku, pamoja na unga wa karanga au maharagi. Uondoe motoni, upoe kidogo, maana moto mkali unaua enzimu. Tia kijiko kidogo 1 cha unga wa mbegu zilizochipuka, koroga.

4. Baada ya dakika chache uji utalegea bila kuongeza maji. Uchemshe tena kidogo, kisha mpe mtoto.

Sasa bakuli ni moja, lakini chakula kilichomo ni kingi.

IX. SUKARI INAYOFICHA SUMU

Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini. Ni glukosi iliyofungwa na sumu ya sianidi. Muhogo una pia enzimu ya kukata kifungo hicho, lakini vitu hivyo viwili vimetengwa ndani ya mmea. Ukiloweka muhogo mpaka ulainike, kuta zinavunjika, enzimu inakutana na linamarini, na sumu inatoka, nyingine katika maji, nyingine hewani. Bibi zetu walijua kazi hii kabla hatujajua sababu yake.

Mwaka 1938 mganga Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo katika Kwango, huku Kongo. Kwa Kiyaka neno hilo lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu, hasa mtoto au mama, analala mzima, kisha ghafula miguu yote miwili inakakamaa. Hakuna dawa ya kuirudisha kama zamani. Konzo inatokea watu wanapokula muhogo mchungu siku nyingi, wakiutoa majini baada ya siku 1 tu, kwa sababu ya njaa au haraka ya soko, tena bila maharagi wala samaki. Maana mwili hutumia sehemu ya proteini kuharibu sumu hiyo. Unaona? Mahali pale pale ambapo proteini inakosekana, sumu inapata mlango.

Basi loweka siku 3 au zaidi, mpaka muhogo ulainike. Toa nyuzi, anika vizuri. Kama unga una mashaka, fanya kama walivyofundishwa mama wa Popokabaka, katika Kwango, tangu mwaka 2010: changanya unga na maji, utandaze juu ya mkeka usiozidi unene wa sentimeta 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge bugali siku ile ile.

X. MANENO YA KUSHIKA

1. Wanga, selulosi na glikojeni vyote ni glukosi. Kifungo na matawi ndivyo vinavyotofautisha kazi zao.

2. Wanga ni kuni za mwili, si matofali. Kila sahani ya bugali iwe na maharagi, ndagala, karanga au sombe.

3. Mtoto mgonjwa asikae na njaa, maana ghala ya maini yake ni ndogo.

4. Muhogo mchungu haupendi haraka.

MAULIZO

1. Kwa nini mbuzi anaishi kwa majani, na mtu hawezi?

2. Kwa nini bugali uliotafunwa sana unakuwa mtamu?

3. Mtoto mwenye homa haamki. Utafanya nini kwanza, na ni kitu gani hutafanya?

4. Jirani anasema, «Mwanangu ananenepa miguu, bugali unamfaa.» Utamjibu nini?

5. Muhogo umekaa majini siku 1 tu, na kesho ni siku ya soko. Utamwambia nini mwenye muhogo?

6. Leo jioni angalia sahani ya mtoto wako mdogo. Kuni zimo. Je, matofali yamo?